Mashine ya Macho na Aproni ya Kadzo

Siku ile mashine ya macho ilipofunguliwa tulikuwa watu watano, na nitawataja mmoja mmoja kwa sababu huko mbele nitawahitaji. Alikuwepo Bwana Twahir, msimamizi wa ghala, ambaye marehemu Bi Mwanamkuu aliyenifundisha kazi alikuwa shangazi yake, nduguye babake tumbo moja. Alikuwepo Fundi Mutiso, aliyeletwa kutoka bara kwa ajili ya mashine. Huyo hakuwa jamaa ya mtu, ila alikula wali wangu wa nazi siku tatu, basi mhesabuni vile mtakavyo. Alikuwepo Charo, bawabu wa langoni, ambaye kiukoo ni mjomba wa Kadzo. Alikuwepo Kadzo mwenyewe, binti ya Dama wa Mjambere. Dama na mimi tulikaa benchi moja tangu tukiwa wasichana, na alipofariki mimi ndiye niliyemshika Kadzo mkono nikamleta kazini. Wa tano ni mimi, Mishi binti Hamisi wa Likoni, mchaguaji wa korosho, niliyestaafu juzi juzi baada ya Idi.

Nawaandikia nyinyi mliobaki mezani, kwa sababu mliniuliza siku ya kuniaga kwa nini pale ukutani pana bango la kukataza kufukiza, nami nikacheka nikawaambia nitasema siku nyingine. Shule nimesoma hadi darasa la nne, kwa hivyo mkiona herufi imelala, iamsheni mwendelee. Mshahara sitausema. Aliyeulipa anaujua, na mimi naujua, yatosha.

Siku yangu ya kwanza pale Changamwe nilifika na kucha ndefu na mikono imepakwa mafuta ya nazi, najiona nimependeza. Bi Mwanamkuu alinitazama mikono kabla ya kunitazama uso. Alinipa wembe na sabuni ya kipande, akanionyesha bomba. Niliporudi ndipo akaniitikia salamu. "Marahaba. Sasa ndoo ukae," yaani njoo.

Meza yetu ilikuwa kando ya mlango mkubwa wa kaskazini, maana jua la huko haliingii moja kwa moja, huingia mwanga mtupu. Korosho zilizomenywa zilimwagwa mbele yetu, nasi tukitenga: nyeupe nzima huku, zilizovunjika huku, zilizoungua na zenye ganda huku. Nilidhani ni kazi ya vidole. Bi Mwanamkuu, mtu wa Kisauni wa nyumba za zamani, alisema na lugha yake haijachuja: "Mwanangu, mato hayaongopi. Mwangaza ndio uongopao." Mato kwao ni macho, na maana yake niliiona adhuhuri hiyo hiyo. Wingu lilipita, ghala likafifia, na wanawake wote wa meza ile wakainua mikono juu kwa pamoja, viganja wazi, kama watu waliotekwa na wezi. Mimi peke yangu nikaendelea kuchagua. Nilipigwa kofi la mkono.

"Mwanga ukiyumba, nyeupe huonekana imeungua," akaniambia. "Utaitupa nzima. Wingu likipita, mikono juu. Likenda zake, rudi kazini."

Nimeinua mikono kwa wingu maisha yangu yote ya kazi. Hata nyumbani, stima ikipepesa nikiwa nachambua mchele, mikono hupanda yenyewe. Wajukuu hunicheka.

Jambo la pili alilonifundisha ni ubani. Kila Ijumaa asubuhi, kabla hatujaketi, alizunguka meza na chetezo akifukiza. Alikuwa akipika udi wake mwenyewe, sandali na mawardi na sukari iliyochemshwa hadi ikanata, akauchanganya na ubani. "Meza inukiayo haina ugomvi," alisema, na kweli, ugomvi wetu wote ulikuwa wa Jumatano. Alipokuwa hawezi tena, aliniita kwake akanipa chetezo kile na kunisomea kipimo cha udi, nami nikakishika moyoni. Alifariki mwezi uliofuata. Nikaendelea kufukiza, na makaa nikipewa na Charo kutoka kwenye jiko lake la chai pale langoni.

Kisha ikaja mashine.

Niliambiwa itakuja, lakini kuambiwa si kuona. Ililetwa kwa lori, ikasimamishwa pale pale penye meza yetu, ndefu kama kabati la mahari. Korosho humwagwa juu, zikatikisika kwenye sinia la bati, zikateremka mfereji na kuanguka mbele ya kioo. Nyuma ya kioo pana ufito mweusi mwembamba, na kwenye ufito huo pana macho. Si mawili. Ni mengi kuliko watu wa msikiti siku ya Idi, yamepangwa mstari mmoja, madogo hata huwezi kuona moja likiwa peke yake. Yakiona korosho iliyoungua, chini yake hutoka pumzi ya hewa, pfu, na ile moja tu huruka kando, wenzake hata hawashtuki. Nilisimama pale nimeshika mdomo. Kazi iliyotuchukua siku nzima, wanawake meza nzima, mashine iliimaliza kabla Charo hajachemsha chai. Nilikwenda chooni nikakaa. Sikulia, ila nilikaa.

Wenzetu wengi walipelekwa kumenya. Sisi wachache tulibakishwa mezani kupitia kile kilichotoka kwenye mashine. Kadzo, kwa kuwa alifika kidato cha pili, alipewa mashine yenyewe: kuiwasha asubuhi, kuionyesha kigae cheupe ili ijue nyeupe ni nini, na kupangusa kioo cha nje kila baada ya saa mbili. Alivaa aproni ya kijani yenye fundo nyuma. Alikuwa na watoto watatu, na nyumba ile ya Dama paa lake lilikuwa likisubiri mabati. Aproni ile ndiyo ilikuwa nyumba yao.

Nami nikajiambia, meza imeondoka, mashine ndiyo meza. Ijumaa ya kwanza nilifika mapema na chetezo changu. Nikaizunguka. Nyuma kulikuwa na feni iliyokuwa ikivuta hewa ndani, maana Kadzo alikuwa ameshaiwasha ipate moto na yeye yuko juu akifungua magunia. Nikaona moshi unaingia wenyewe, umenyooka kama uzi. Nikasema, mwacheni mgeni avute heri. Nikakiweka chetezo pale pale mbele ya feni mpaka makaa yakafa. Nikafanya hivyo kila Ijumaa, na roho yangu nyeupe.

Miezi ikapita. Ndipo mambo yakaanza kuharibika, kidogo kidogo kama maziwa. Korosho nzima nyeupe zikaanza kuonekana kwenye gunia la zilizokataliwa. Zilizoungua zikapita na nyeupe. Sisi mezani tulikuwa tukizitoa, lakini mkono una kikomo, na shehena moja ikarudishwa na mnunuzi. Sasa mjue kwamba gunia la zilizokataliwa tulikuwa tukigawiwa wafanyakazi mwisho wa wiki, tukapikie. Basi maneno yakaanza. Ati kuna mtu amecheza na mashine ili nzima ziingie kwenye gunia la mgao. Na mtu wa mashine ni nani? Ni Kadzo.

Alikuja mezani kwangu akiwa amekunja uso.

"Mama Mishi, mimi naapa kwa kaburi la mamangu."

"Usiape, mwanangu. Nakujua."

"Wewe wanijua. Bwana Twahir je?"

Nilikwenda kwa Bwana Twahir. Aliniamkia kwa heshima yake yote, maana alilelewa na Bi Mwanamkuu. Akaniambia, "Bi Mishi, nimemwita fundi. Akisema mashine ni mbovu, Kadzo hana neno. Akisema imeguswa, mimi sina la kufanya." Mfukoni mwa shati palikuwa na barua imekunjwa, ncha imechungulia. Alikuwa ameshaiandika.

Fundi Mutiso alikuja na mkoba wa vyuma na njaa. Kwanza aliishuku stima, kwa sababu kompresa ya hewa inapoanza kazi taa za ghala hupepesa. Akapima siku nzima. Stima haikuwa na makosa, au tuseme ilikuwa na makosa yake ya kila siku tu. Siku ya pili akaleta kisanduku chenye kioo kidogo, huchora stima kama daktari anavyochora moyo.

"Shosho, hebu nishikie hii taa."

"Shosho ni nani, nyanya yako? Mimi ni Bi Mishi."

"Pole, Bi Mishi. Huku kwenu hata taa inashikwa na adabu."

Aliionyesha mashine kigae cheupe, na kwenye kisanduku kikatokea kitana. Wallahi, kitana kabisa, meno yamesimama. Akasema kila jino ni jicho moja, na urefu wa jino ni mwanga uliolifikia. Kwa kuwa kigae ni cheupe kote, meno yote yangepaswa kuwa sawa kama ya kitana kipya. Haya hayakuwa sawa. Yalikuwa yamelala katikati, kama nyasi palipokaa ng'ombe.

Charo alikuwa ameleta chai, akainama naye kutazama. Mutiso akatueleza, na nitaeleza vile alivyoeleza, maana sijawahi kufundishwa jambo nikalielewa upesi namna ile.

"Kila jicho lina kikombe chake. Mwanga unadondokea ndani kama maji ya mvua. Mashine inahesabu muda. Muda ukifika inasema, pitisheni! Basi kila jicho linampa jirani kikombe, jirani anampa jirani, mpaka mwisho wa mstari vinapimwa kimoja kimoja. Halafu vinaanza upya, vitupu."

"Kama kupokezana karai za zege," Charo akasema.

"Haswa! Mzee ameshika."

"Na mwanga ukipungua?" Niliuliza mimi. Kwa mdomo wangu huu.

"Hapo ndipo ujanja wake. Asubuhi ikiona vikombe havijai, inaongeza muda wa kukinga. Vijae tu. Lakini sasa, Bi Mishi, korosho iko hewani inaanguka. Haingoji kikombe cha mtu. Jicho likija kumaliza kukinga, korosho ishapita. Pumzi inatoka imechelewa, inampata wa nyuma yake."

"Asiye na hatia."

"Asiye na hatia kabisa. Na mwenye makosa anakwenda zake na wazuri."

Tukacheka sote, hata mimi. Nilicheka mpaka chai ikanipalia.

Siku ya tatu, Jumatatu, ndiyo siku yenyewe. Bwana Twahir alikuja na barua yake mfukoni. Kadzo alisimama kando ya mashine, aproni yake imefuliwa na kupigwa pasi, kama mtu anayekwenda kupigwa picha. Charo aliitwa awe shahidi, na mimi nikaitwa kwa kuwa nilimleta Kadzo, nami ni kama mzazi wake.

Mutiso akasema, "Hii mashine haijachezewa. Imejibadilisha yenyewe. Inaweka kumbukumbu, ona. Muda wa kukinga umekuwa ukiongezeka. Si kila siku. Kuna siku unaruka." Akapitisha kidole kwenye kioo cha mashine. "Ijumaa. Ijumaa. Ijumaa tena."

Bwana Twahir akamgeukia Kadzo. "Ijumaa asubuhi anayewasha ni nani?"

"Ni mimi."

"Na nani mwengine yuko hapa saa hiyo?"

Kadzo akaanza kupangusa kioo cha nje, nacho kilikuwa safi. Nilidhani hakusikia. Charo akawa anatazama viatu vyake.

Mutiso alikuwa ameshaanza kufungua skrubu za kioo cha ndani, kile ambacho Kadzo haruhusiwi kukigusa na mkono wake hauwezi kukifikia. Akakitoa, akakipangusa kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kikarudi na rangi ya chai ya mkandaa, ile isiyo na maziwa. Kinanata. Akakileta puani.

"Hii inanuka kanisa," akasema. Huko kwao hufukiza kanisani.

Jamani, nyinyi mmewahi kumwagikiwa na maji ya barafu mgongoni mkiwa mmelala? Sikuelewa kwa fikira, nilielewa kwa ngozi. Nilikiona chetezo changu kimekaa pale mbele ya feni, katikati hasa, pale ambapo meno ya kitana yamelala. Niliuona moshi umenyooka kama uzi. Kuna kitambaa cha kuchuja vumbi pale kwenye feni, lakini moshi haujui kitambaa, na ile sukari ya Bi Mwanamkuu ilipofika kwenye kioo ilikaa. Kila Ijumaa tabaka juu ya tabaka. Lahaula! Mkono uliomleta mtoto wa Dama kazini ndio uliokuwa ukimtoa.

"Kanisa," Bwana Twahir akasema, naye anamtazama Kadzo. "Umekuwa ukiiombea mashine yangu? Au ni uganga?"

"Kanisa letu halifukizi," Kadzo akasema. Sauti ilikuwa ndogo. "Sisi twapiga makofi tu."

"Basi nani?"

Kompresa ilikuwa imezimwa. Nilijua la kusema, ni maneno matatu tu, ni mimi Bwana. Nilijiona nimefungua mdomo. Nikaona mikono yangu imepanda juu, viganja wazi, kama wingu limepita. Sikuiambia ipande. Bwana Twahir akaniona. Alikuwa amekichukua kile kitambaa kwa Mutiso, naye akakinusa, na uso wake ukabadilika, ukawa wa mtoto. Alilelewa ndani ya harufu ile. Hakuna nyumba nyengine Mombasa nzima inayopika udi vile.

"Bi Mishi," akasema. "Huu ni wa shangazi."

"Ni mimi," nikasema. "Kila Ijumaa. Ni mimi niliyefukiza. Kadzo hana kosa."

Nilipomgeukia, Kadzo alikuwa ameshika aproni mkononi. Fundo alikuwa ameshalifungua.

"Nilikuwa naisikia harufu, Mama Mishi," akaniambia. "Kila Ijumaa. Lakini wewe ni mkubwa. Nikasema labda ndivyo inavyofanywa."

Charo naye akasema, mambo yakiwa yameshaharibika, "Makaa nilikuwa nikimpa mimi."

Mutiso alikisafisha kioo kwa spiriti, akakirudisha, akaionyesha mashine kigae cheupe. Kitana kikasimama meno sawa sawa, mpaka nikaona haya kukitazama. Korosho zikamwagwa. Pfu, pfu, mwenye makosa peke yake. Bwana Twahir alichana ile barua mbele yetu, akamwambia Kadzo avae aproni yake. Kadzo akaikunja mara nne, akaiweka juu ya mashine, akasema ahsante, akatoka. Charo alimfungulia lango. Hakurudi. Leo anakaanga viazi vya karai pale Mjambere, na mabati yale aliyaweka mwenyewe, polepole.

Aproni nikapewa mimi. Mnanijua kwa aproni hiyo. Nimekipangusa kile kioo kila baada ya saa mbili mpaka nikastaafu, na kila mwezi nilikuwa nikimsimamia fundi afungue na cha ndani, ingawa hakuna aliyeniagiza. Lile bango liliandikwa kwa ajili yangu, na siku linabandikwa mimi ndiye niliyeshika ngazi. Chetezo kiko nyumbani, hufukizia nguo zangu tu, mbali na feni.

Nyinyi mlioko kwenye mashine sasa, mkiona meno yamelala msimtafute mwizi kwanza. Fungueni kioo.

Sasa lililobaki. Wiki ile nilikwenda kwa Kadzo, nikamwomba radhi ya ubani, akanisamehe kabla sijakaa. Na siku mliyoniaga alikuja na sinia la viazi, mlimwona. Tulikaa nje sisi wawili. Nikamwambia, alhamdulillahi, nilisema kabla hujavua aproni. Aliacha kutafuna. "La, Mama Mishi. Ulisema baada. Nilingoja. Nilihesabu moyoni, nikaona husemi, ndipo nikafungua fundo." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekutajia saa.

Mimi nakumbuka kabla. Nawakumbuka wanawake wote wa meza ile kwa majina na kwa mama zao, na nakumbuka Charo alivaa soksi zisizolingana. Mikono nina hakika ilipanda mapema. Ulimi ndio nauuliza.

Bwana Twahir, Fundi Mutiso popote ulipo, na wewe Charo: mlikuwepo na mlikuwa mkinitazama. Kama nimekosea, nirekebisheni bila haya wala kuniheshimu, nami nitalifuta neno langu hapa na kuandika lenu. Radhi ya ubani nimeshaiomba. Ya kile kimya sijaiomba, kwa kuwa sijakubali kwamba kilikuwepo. Kama kilikuwepo, niambieni upesi, nami nivuke feri niende Mjambere.